Nimepimwa Jeneza Nikiwa Mzima

Shangazi wa Ukurasa wa Tisa,

Shikamoo. Mimi huwa nausoma ukurasa wako kwa kucheka shida za watu, nakiri, hasa zile za wakwe, na sasa nimekaa stoo juu ya godoro lenye dosari nakuandikia shida yangu mwenyewe, kwa hiyo kama kuna mtu anaisoma hii huku akicheka namsamehe, maana nilimtangulia.

Mimi ni mkuu wa stoo katika kiwanda cha magodoro, nina mke ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, nina binti mmoja wa miaka kumi na tisa, na nina baba, seremala mstaafu, anayeishi nasi kwenye chumba cha uani tangu macho yalipoanza kumsumbua. Familia nzuri tu, hatugombani, na hatugombani kwa sababu tulikuwa hatuonani. Mimi nikirudi kazini nashika simu, mke anasahihisha madaftari, binti kajifungia chumbani na masikio yake yamezibwa na vile vidude vya muziki, na chakula kikiiva mke anatutangazia kwenye kundi la familia la simu, "Chakula mezani," sisi tunajibu kwa kidole gumba, halafu kila mtu anajipakulia kwa wakati wake. Baba hana simu ya aina hiyo, kwa hiyo yeye alikuwa anajua chakula kimeiva kwa harufu.

Sasa miezi miwili na nusu iliyopita kampuni ikatupeleka semina ya siku mbili iliyoitwa Kuishi kwa Maana, na mwezeshaji wake, kijana mmoja mwenye kipaza sauti kilichobandikwa shavuni, akatuambia tufumbe macho tujione tumebakiwa na siku tisini za kuishi, halafu akagawa karatasi tatu kwa kila mtu, tuwaandikie barua za kuwaaga watu watatu walio muhimu kuliko wote maishani mwetu, dakika ishirini. Mimi sikujua niandike nini, Shangazi, nikainua macho ukutani alikokuwa ametuwekea mfano, nikanakili. "Mke wangu mpenzi, ukisoma haya ujue nimebakiwa na siku tisini tu. Umekuwa nguzo ya maisha yangu na taa ya safari yangu." Ya binti nikafuta "mke" nikaweka "binti". Ya tatu nikamwandikia meneja, kwa sababu alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu na alikuwa ananiangalia.

Ya meneja nikamkabidhi pale pale, akanipa mkono. Hizo mbili nikazitia kwenye bahasha, nilipofika nyumbani nikaitupia juu ya kabati, nikasahau, mpaka wiki moja baadaye mke alipopanda kiti kutafuta cheti cha kuzaliwa cha binti akaikuta.

Siku hiyo narudi saa kumi na mbili jioni nakuta televisheni imezimwa, kitu ambacho kwetu hakitokei bila umeme kukatika, na wote watatu wamekaa sebuleni wamejipanga kwenye kochi moja. Mke akasema, "Mume wangu, tumeshajua." Nikajua wamegundua Jumamosi zangu. Hapa lazima nieleze, kila Jumamosi huwa naaga kwamba naenda kuhesabu magodoro stoo, na kweli natoka, ila naenda mahali pa kuoshea magari, naosha gari, halafu nakaa ndani yake peke yangu na simu yangu mpaka saa tisa mchana. Hakuna mwanamke, naapa. Nakaa tu.

Kwa hiyo nikainamisha kichwa nikasema, "Nisameheni. Nilitaka kuwaambia, nikashindwa nianzie wapi." Basi mke akaangua kilio, binti naye akafuata, na mpaka nije kung'amua kwamba wananililia mimi nikiwa hai, mke alikuwa ameshanining'inia shingoni na binti amenishika mguu kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne, na nikuambie ukweli, Shangazi, ilikuwa vizuri. Sikumbuki mara ya mwisho mke wangu kunikumbatia vile. Nikasema nitawaambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema kesho.

Leo ni siku ya sabini na sita ya zile tisini. Tunakula mezani wote wanne, simu tunaziweka kwenye kapu la vitunguu. Nimegundua binti yangu anachora vizuri sana, anaogopa kuku, na ana kicheko cha marehemu mama yangu. Mke ananisimulia vituko vya darasani, na ana utani huyu mwanamke, sikujua. Wakiniuliza habari za hospitali nasema sitaki kulizungumzia, nao wananong'ona kwamba najikaza. Mara moja nilikohoa kwa makusudi. Kidogo tu. Na Jumamosi sijaenda kuosha gari hata moja.

Lakini baba. Jioni ile aliinuka kwenye kochi akarudi chumbani kwake. Kesho yake alinifuata chumbani na futi yake ya zamani, akaniambia nilale chali, akanipima kwa kupapasa kwa sababu namba hazioni tena. "Mabega yameongezeka tangu nilipokutengenezea kitanda cha ndoa," akasema. "Na usivute tumbo ndani. Huko hutavuta." Nikamwuliza anataka kutengeneza nini. Akaniambia, "Hakuna fundi mwingine atakayekupigia misumari wewe." Tangu hapo anapiga randa uani kila siku, na vidole vyake viwili sasa vina bandeji.

Na hapo ndipo ninapokuomba msaada. Baba alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho Alhamisi ijayo, foleni ameisubiri miezi kumi na moja, jicho la kushoto limeshakufa na daktari alisema hili la kulia likizidi kucheleweshwa litalifuata. Juzi amemwambia mke wangu apige simu hospitali, nafasi apewe mtu mwingine. Mke akamwuliza kwa nini, akajibu hana cha kuangalia tena, akarudi kwenye mbao zake. Mke bado hajapiga, anambembeleza.

Swali langu, je, hakuna namna ya kupona taratibu? Nimefikiria kusema daktari alichanganya faili, au nimeombewa, au ninenepe kidogo kidogo mpaka wazoee. Nikisema ukweli kila mtu atarudi kwenye simu yake na mimi nitarudi kuosha gari, na haya maisha niliyoyapata sasa, Shangazi, ndiyo yenye maana aliyokuwa anaisema yule kijana wa semina. Naogopa kuyapoteza. Nijibu upesi, na tafadhali usikitaje kiwanda.

Maiti Mtarajiwa

SHANGAZI ANAJIBU

Maiti wangu,

Marahaba, na pole kwa msiba, ambao umeuandaa mwenyewe, umeuhudhuria mwenyewe, na sasa unaniuliza jinsi ya kutawanyika. Barua yako nimeirusha foleni. Mama aliyekuwa na nafasi hii leo ana shida na wakwe wawili, atasubiri wiki ijayo, wakwe hawaendi popote. Leo ni Jumanne na Alhamisi yako ni keshokutwa.

Nianze kwa kukupongeza. Katika miaka kumi na sita ya ukurasa huu nimeandikiwa na wanaume waliojifanya hawajaoa, waliojifanya wamesafiri, na mmoja aliyejifanya kiziwi ili asisikie habari za paa linalovuja. Wa kujifanya anakufa ili mkewe amkumbatie ndio kwanza nakupata wewe. Wenzako wakitaka kukumbatiwa huwa wanasogea karibu. Wengine hata wanaoga.

Kuhusu kupona taratibu, nimecheka mpaka mhariri kaja kuuliza kuna nini. Daktari yupi alichanganya faili? Wa hospitali ipi? Unaishi na mwalimu wa shule ya msingi, bwana wee, mtu anayeambiwa na watoto arobaini kila siku kwamba daftari limesahaulika nyumbani. Umemdanganya siku zote hizi kwa sababu amejaa hofu, akili zake hazijaenda likizo. Na ulipoandika zilikuwa zimebaki siku kumi na nne. Zikiisha utafanyaje, utakufa kidogo?

Unasema umepata maisha yenye maana. Hebu tuyaangalie hayo uliyoyapata. Mkeo hakuanza utani mwezi uliopita. Binti yako hakuzaliwa upya na kile kicheko. Walikuwepo, chini ya bati lile lile, na chakula kikatangazwa, nawe ukajibu kwa kidole. Na usinisingizie simu, maana haijawahi simu kuwasha gari Jumamosi asubuhi ikajipeleka kuoshwa. Hukunyimwa upendo, mwanangu. Upendo wenyewe ulikuwa unakuja, haukukuti.

Sasa kuna jambo umelipitia mbio mbio kwenye barua yako nami nataka ulirudie. Karatasi zilikuwa tatu. Moja ya mke, moja ya binti, na ya tatu, katika watu wote walio muhimu maishani mwako, ukampa meneja. Baba yako hukumwandikia. Hata yale maneno ya bure ya ukutani hukumnakilia. Na huyo asiyepata hata nguzo wala taa ndiye anayejikata vidole uani kwa ajili yako, na ndiye aliye tayari kuliacha jicho lake life. Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikampigia simu baba yangu mwenyewe. Tuliongea habari za mguu wake na bei ya vitunguu, hakuna kitu maalumu, dakika saba. Nilikuwa sijampigia tangu mwezi uliopita, kwa hiyo usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu sana.

Hofu yako naielewa, na sitakudanganya, kwa sababu umeshajidanganya vya kutosha. Watakasirika. Mkeo atanuna, na mwanamke aliyelia siku sabini kwa maiti inayokula sahani mbili ana haki ya kununa mpaka achoke. Binti atakufungia mlango. Lakini watu hawamnunii mpita njia. Wakikununia kaa hapo hapo ununiwe, mezani, na simu yako iwe kapuni hata kama za wenzako zimetoka. Ukiondoka kwenda kuosha gari, hapo ndipo utakapokuwa umewapoteza kweli, na safari hiyo usiniandikie.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, usigeukie ukurasa wa michezo. Nenda uani. Kwanza mtoe baba randa mkononi, kwa usalama wako. Mwambie, "Baba, siumwi. Niliwadanganya." Usimweleze semina, usimweleze mfano wa ukutani, usimweleze ulivyojisikia. Hayo atayauliza mwenyewe akitaka. Akikutukana, pokea. Akikaa kimya, kaa naye. Zile mbao mwachie aamue mwenyewe azifanye nini, na akiamua kukuchapa nazo, zitakuwa zimepata kazi.

Kisha waite mke na binti uwaambie wakiwa pamoja, na Jumamosi zako uzitoe hapo hapo, zote, maana ukibakiza kitu kitakuja kukutoa jasho mwezi ujao. Kile kikohozi pia. Ile barua ya nguzo na taa mwombe mkeo akurudishie, akikubali, umwandikie nyingine kwa mkono wako. Iwe hata mistari miwili, mradi asiweze kuandikiwa mke wa mtu mwingine yeyote.

Alhamisi omba ruhusa kazini. Meneja akikataa, mkumbushe kwamba yeye ni mmoja wa watu watatu uliowaaga, atakuonea huruma. Baba mpeleke wewe, si binti, si dereva. Mshike mkono ngazini, mjazie fomu, umsomee kilichoandikwa, na akiingia ndani usubiri kwenye benchi mpaka atoke. Utachoka. Watu wote wanaosubiri wapendwa wao huchoka, na wako wamesubiri miaka.

Ijumaa asubuhi watamfungua bandeji. Vuta kiti uketi mbele yake, karibu kabisa, usiongee. Mwache akutafute mwenyewe kwa jicho hilo mpaka akupate.

Shangazi