Picha Mbili Kwenye Shuka Moja

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefuta lenzi za projekta zote mbili. Feni ya ile kuukuu bado ina vumbi la kiangazi. Nimelitoa kwa unyoya wa kuku.

Slaidi zimerudi kutoka Nairobi. Padri kazileta mwenyewe ndani ya kopo la biskuti. Filamu za aina hii hazisafishwi huku kwetu. Nimezitazama moja moja dirishani. Watoto wote wamo. Hakuna aliyecheka. Sikuwaambia wacheke.

Ni watoto waliovuka mpaka kutoka Rwanda bila wazazi. Wengine wako kambini, wengine wamechukuliwa na familia za huku. Nawapiga picha, tunazionyesha ukutani kambini na vigangoni, makanisa madogo ya parokia, anayemtambua wa kwake aseme. Zimo pia picha za zamani ambazo wazazi walivuka nazo, za watoto waliowapoteza njiani. Nazo nimezipiga upya zikawa slaidi. Huenda jirani akajua mtoto yuko kwa nani.

Nilizoea harusi na kipaimara. Mke wangu Verdiana anasema tangu nianze kazi hii nimekuwa mkali nyumbani. Ni kweli.

Alhamisi, 9 Machi

Maonyesho ya kwanza, kigango cha jirani na kambi. Tuliziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe. Shuka la kitanda chetu tukalitundika mbele. Jenereta nje, inakohoa.

Picha ikitoka, shuka linabaki giza, mashine inagonga, sura nyingine inatokea. Watu wanashtuka kila mara.

Mzee mmoja alimtambua mjukuu wake. Hakupiga kelele. Alivua kofia, akabaki ameishika kifuani hadi mwisho.

Watu walilia. Mimi nilikuwa nafikiria kule kugonga kwa mashine, lile giza katikati. Nilitaka sura ziingiane taratibu, kama nilivyoona Mwanza kwenye semina ya wapigapicha. Mzee kampata mjukuu, na mimi nafikiria hayo. Ndivyo nilivyo.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya misa nimeshinda na projekta mbili. Nimepata njia.

Zote mbili zinaelekezwa sehemu moja ya shuka. Nimekata kadi mbili kutoka boksi la sabuni, ukingo wa kila moja una meno kama kitana. Mkono wa kushoto unateremsha kadi mbele ya lenzi moja, wa kulia unapandisha nyingine. Sura ya kwanza inafifia, ya pili inakuja juu yake. Hakuna giza. Meno ndiyo siri. Kadi iliyonyooka inaacha mstari unaopita usoni kama kisu.

Bahati nzuri nilipowapiga niliwaweka wote katikati, macho kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo macho yanabaki palepale, sura ndiyo inabadilika. Nimezipanga upya zote. Uso wa mviringo baada ya uso wa mviringo. Mwembamba baada ya mwembamba. Zinayeyuka vizuri mno.

Nilimwita Verdiana atazame. Alisimama na jungu mkononi mpaka nikamaliza. Akasema wanafanana na watu wanaozama majini. Akarudi jikoni.

Nilikasirika. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Alhamisi, 16 Machi

Kigango kilekile. Watu wengi zaidi, hadi nje. Verdiana alikuja kutafsiri. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda zamani, kabla hajazaliwa, lugha anayo.

Hakuna aliyeshtuka. Sura ikayeyuka ikawa sura.

Kulikuwa na picha ya studio ya mtoto mdogo, viatu vyeupe, ameshikilia kiti. Emanueli. Mama yake, Yozefina, alipoteana naye wakikimbia vita vya 1990, na picha hii akaivusha mpakani mwaka jana ameishonea ndani ya pindo la sketi. Baada ya hiyo niliweka kijana wa miaka tisa hivi amesimama kibanjani, shamba la nyumbani, kijijini Kimuli, migomba nyuma yake. Faustini. Niliziweka pamoja kwa sababu nyuso ni za mviringo. Hakuna sababu nyingine.

Nikashusha kadi, nikapandisha kadi. Mtoto akakua mbele ya watu.

Yozefina aliinuka. Akatembea katikati ya watu mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja juu ya shavu la Faustini. Mwanga ukamwangukia mgongoni. Verdiana akatafsiri kwa sauti ndogo: "Ni yeye. Amekuwa mkubwa."

Kigango kizima kililia. Padri pia. Mimi nilifurahi. Naandika kama ilivyo. Nilifurahi.

Jumamosi, 18 Machi

Kimuli, kwa pikapu ya parokia. Tope hadi kwenye ekseli. Padri, mimi, Verdiana, Yozefina.

Faustini anakaa kwa Mama Pelagia na mumewe, Walutheri, wana kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Watoto wao wameshaoa na kuolewa. Kijana alitoka nyuma ya nyumba na kamba ya mbuzi mkononi. Alitupa shikamoo mmoja mmoja. Yozefina akapiga magoti kwenye tope, akafungua mikono. Kijana hakusogea.

Padri alimhoji polepole. Anaitwa Faustini. Mama yake alifariki njiani, aliona akizikwa. Baba yake walipoteana naye kabla ya mto wa mpakani, kwenye msukumano. Yozefina akasema mtoto amechanganyikiwa kwa hofu. Akaomba avue shati. Emanueli wake aliungua uji begani. Bega la huyu ni safi kabisa. Yozefina alilitazama muda, akasema kovu limefutika.

Padri anasema watoto wengi wamechanganya mambo, na kigango kizima kilishuhudia. Pikapu itarudi Ijumaa kumchukua kijana.

Kigango kilishuhudia nini? Kadi zangu.

Mama Pelagia alitufungia ndizi za njiani kwenye majani. Fundo lilimshinda, mumewe akamalizia.

Jumapili, 19 Machi

Nimezishika slaidi mbili dirishani, sambamba. Bila projekta, bila kadi.

Masikio. Ya Emanueli yamelala kichwani. Ya Faustini yamesimama wazi. Nyusi pia siyo. Kidevu siyo. Wanalingana mviringo wa uso tu, na mahali nilipoweka macho.

Nimemwambia Verdiana. Nilidhani atasema alinionya. Hakusema hivyo. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akauliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu: "Mtoto hana mama. Mama hana mtoto. Wewe Baba Alinda unalinda nini?"

Sijala.

Jumatatu, 20 Machi

Nimepanga trei kwa maonyesho yajayo. Padri kaniagiza nitoe slaidi za waliopatikana. Kwa hiyo nitoe Faustini. Nitoe na Emanueli.

Nilizitoa. Nikabaki nazo kiganjani. Ndipo nilipolipata jibu la swali la Verdiana.

Baba wa Faustini kama yuko hai, katika kambi yoyote, hataiona sura ya mwanawe. Na Emanueli kama yuko mahali, kwa mtu, hakuna atakayesema namjua. Hawatafutwi tena. Nikinyamaza watapotea watoto wawili.

Verdiana alisikiliza. Alikubali kwa kichwa. Akasema kesho tutakwenda pamoja, maana neno hilo mwanamke akiambiwa na mwanamume peke yake litamuua.

Jumanne, 21 Machi

Tulimleta Yozefina kigangoni asubuhi. Watatu tu. Tulifunga mablanketi. Nikaweka projekta mbili, lakini safari hii kila moja na upande wake wa shuka. Emanueli kushoto. Faustini kulia. Wote wametulia, hakuna anayeyeyuka.

Nikamweleza nilivyofanya. Kadi, meno, mstari wa macho. Nikamwonyesha kwa mikono. Verdiana alitafsiri. Nilisema ni mimi niliyemkuza mwanao kwa boksi la sabuni. Nilisema nisamehe.

Alitazama sura mbili kwa muda mrefu. Slaidi ya kushoto ilianza kujikunja kwa joto la taa, sura ikapoteza makali. Nikainuka kuirekebisha. Akaniambia niache.

Kisha akasema: "Nilijua nilipoona bega. Nilijua tukiwa kulekule Kimuli."

Akatuomba tusimwambie Padri. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayepanga shughuli za nyumbani. Atamlisha. Atamfulia. Siku moja kijana atazoea. Yeye amechoka kuamka asubuhi bila mtu wa kumwamsha.

Verdiana alinitazama nisaidie, kisha akamweleza mwenyewe, kwa lugha yao, juu ya trei na slaidi zinazotolewa. Nilifuata maneno machache. Majina mawili niliyasikia.

Yozefina akauliza kitu kimoja, na Verdiana akanigeuzia kwa Kiswahili ingawa jibu alilijua: "Kwa hiyo Emanueli hatatafutwa tena?"

Nikasema ndiyo. Hatatafutwa.

Alikwenda kwenye shuka, upande wa kushoto. Hakuligusa. Alisimama tu karibu, ile sura iliyopoteza makali ikamjaa kwenye blauzi. Halafu akatoka. Hakutuaga.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Sijui atafanya nini. Nampa hadi Ijumaa. Akikaa kimya nitasema mimi, na atanichukia, na itakuwa haki.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilifika parokia kabla ya pikapu kuwashwa. Yozefina alikuwa ameshatangulia. Amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi, ameloa, khanga imeshikana na mwili. Alikuwa ametembea kutoka kambini.

Alishasema. Mwenyewe. Alimwambia Padri macho yalimdanganya, kijana siyo wake. Hakunitaja.

Nikaingia nikajitaja. Padri alisikiliza akiwa amegeukia dirisha. Nilingoja anifukuze. Alisema tu kwamba yeye pia aliona mtoto akikua, na alitaka iwe kweli. Kisha akaniambia nichukue baiskeli, niende Kimuli nikawaambie kwa kinywa changu.

Nilifika mchana. Mama Pelagia alikuwa mlangoni, amefunga nguo za kijana kwenye kitambaa, tayari. Faustini hayupo. Tangu asubuhi amejificha kibanjani kwa sababu ya gari. Hawakumtafuta. Mzee wa nyumba alisema hakuwa na moyo wa kumtafuta.

Nikawaambia gari haliji. Mama Pelagia aliketi chini pale pale mlangoni. Mumewe alikwenda kwenye ukingo wa migomba akaita jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kijana alitoka ameloa chapachapa.

Alinipa shikamoo. Nikaitika marahaba, nikageuza baiskeli.

Alhamisi, 6 Aprili

Maonyesho, kambi ya pili. Projekta moja. Picha, giza, picha.

Emanueli mwanzoni. Faustini mbali, karibu na mwisho.

Hakuna aliyemtambua mtu.

Jumatano, 12 Aprili

Maonyesho tena. Dada wawili wametambuliwa na shangazi yao. Tumewauliza kwa makini, alama, majina, nyumba ilikuwa upande gani wa kanisa. Ni wao. Nimerudi nyumbani nikalala kama jiwe.

Verdiana leo aliniuliza kama nitakula. Nilikula.

Jumamosi, 10 Juni

Nimetoka kupiga harusi Murongo. Watu wengi, pombe ya rubisi nyingi, bibi harusi hakutaka kuinua uso. Nikiwa njiani kurudi nikapita Kimuli.

Kahawa imeiva. Mama Pelagia ameweka vibarua wachache kwa msimu. Mmoja ni Yozefina. Nilishtuka kumwona. Mama Pelagia aliniambia alikuja mwenyewe, mwezi uliopita, akauliza kama kuna kazi. Jioni anarudi kambini na wenzake. Hajawahi kuomba kitu kingine. Mama Pelagia alisema alisitasita, kisha akampa kikapu.

Tulisalimiana. Kiswahili chake kimekuwa kizuri. Aliuliza hali ya Verdiana. Nikamwambia picha ya Emanueli bado inaonyeshwa, kila mahali tunakokwenda. Akasema anajua. Baba wa Faustini bado hajapatikana. Hilo nalo analijua.

Nilikaa kwenye gogo nikisubiri mvua ndogo ipite. Wao hawakuacha kuchuma. Yozefina upande mmoja wa mbuni wa kahawa, Faustini upande wa pili, matawi katikati yao. Kijana alikuwa akichuma za chini, Yozefina za juu.

Kisha kijana akauliza, bila kuinua kichwa: "Mama, huyo mwanao anaitwa nani?"

Anaitwa. Hakusema aliitwa.

"Emanueli," akasema.

Kijana akalirudia jina hilo taratibu, kama mtu anayetaka kulikumbuka. Akauliza anapenda nini. Yozefina akaanza kumweleza, na mikono yake haikuacha kuchuma.

Mvua ilipita. Nikachukua baiskeli nikaondoka.