Sekunde Kumi na Moja za Margareta

Jumanne, 3 Juni 2025

Naandika kwa maki pen. Wino wa kalamu ya kawaida siuoni tena. Herufi kubwa kama za ubaoni. Mwalimu mstaafu nimerudi darasa la kwanza!

Daktari leo hakuzunguka. Jicho la kushoto basi tena. La kulia linakufa katikati, sindano hazisaidii. Miezi miwili, labda mitatu. Nitabaki naona pembeni tu. Nikamwuliza, na nyuso za watu je? Akasema nyuso ndizo zitakazotangulia kuondoka. Kijana mpole, ila nilitamani kumzaba kibao.

Uso ninaoutaka ni mmoja, na sijawahi kuuona. Mama. Margareta. Alifariki siku aliyonizaa, 1967. Picha yake ilikuwa moja, ya harusi, ikaliwa na mchwa kabla sijajua kutembea. Miaka hamsini na minane najiambia ipo siku nitaipata nyingine kwa mtu. Ipo siku gani sasa?

Alhamisi, 12 Juni 2025

Violet, binti yangu, kaja kutoka Bomang'ombe na jipya lake. Kumbe kuna maktaba huko Ulaya imemwaga mtandaoni filamu za zamani za nchi yetu. Vipande vifupi vifupi, mamia. "Mama, humu kuna mpaka Uru kwetu," akasema, akaniwekea kwenye simu.

Nimefundisha historia kwa chaki miaka thelathini na moja, leo ndiyo naiona ikitembea. Bendera inapanda, watu wanaruka kama wamekanyaga siafu. Treni inaingia Moshi, vichwa vimejaa madirishani. Wazee wa ngumbaru wanajifunza kuandika, mmoja kashika penseli kama jembe, ulimi nje. Msemaji Mzungu anasema wenyeji wana furaha sana. Kamwuliza nani!

Halafu wanawake na vikapu vya kahawa. Nikashtuka. Miaka ile kila mwanamke wa Uru alipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Kwa nini asiwemo yeye?

Jumapili, 22 Juni 2025

Kichwa kinapasuka. Siku kumi simu iko puani. Taifa zima linapita — maandamano, mashamba, mabibi wa kupokea wageni — na Uru yetu bado sijaiona. Doa la katikati ya jicho limekua. Leo kanisani nimemwamkia Wenseslaus, jirani yangu, "Shikamoo, Padri." Amecheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Lakini mchana huu! Kipande cha 1966. "Wanawake wakipeleka kahawa, Moshi." Wako saba, nyuma yao ghala la chama chetu. Wa tatu anasimama, anageukia kamera. Sekunde kumi na moja. Nikasogeza simu mpaka nikapata pa kuonea. Ana kovu shavuni.

Mama alikuwa na kovu la moto shavuni. Hilo nimeambiwa tangu mtoto. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Nimempelekea Mama mkubwa Justina, dada yake mama. Miaka themanini na sita na bado anatunga uzi kwenye sindano. Waliomjua mama wamekwisha wote, kabaki yeye.

Shikamoo, marahaba, nikawasha simu. Aliangalia mara moja tu. Siye, akasema. Huyu kovu liko shavu la kulia. La Margareta lilikuwa kushoto.

Nikabisha! Mungu anisamehe, nilibishana na mzee. Akawaka. Nisijue mimi, dada yake? Mimi ndiye niliyemwangusha jikoni kwenye makaa, nikiwa na miaka sita, nilikuwa nimembeba. Shavu la kushoto!

Hajawahi kuniambia hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mtori wa ndizi ukapoa mezani. Nilipoaga alisema simu ile nisiilete tena nyumbani kwake.

Nimeifunga. Mwanamke wa watu. Sitaki hata kumwona.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Vipande vyote nimemaliza. Hakuna kitu.

Violet alisimama mbele yangu jikoni na kichwa hana. Shingo ipo, hereni mbili zipo, katikati ukungu. Nikapiga kelele. "Mama, tulia basi, ni mimi." Nitulie vipi? Wa kwangu mwenyewe huyo, nimemzaa! Nikalia kama mtoto mbele yake.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimefungua kile kipande. Sijui kwa nini, ubishi tu. Wanawake sasa ni doa, siwaoni kabisa. Kilichobaki ni pembe za picha. Na huko juu pembeni kuna mlima.

Nikautazama mlima kwa kukosa kingine. Kilele cha Mawenzi kiko kushoto.

Kushoto! Tangu nizaliwe nikitoka mlangoni Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Nimewachapa watoto kwa kuichora vibaya. Nikasema labda walipigia Kenya, wanauona kwa upande ule. Lakini ghala ni letu, mimi mwenyewe nimepanga foleni pale. Basi ni filamu. Wameiweka ndani nje, kama mtu aliyevaa sketi gizani. Kulia ni kushoto. Kovu ni la kushoto.

NI YEYE!

Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakatawanyika. Halafu nikakaa chini.

Nilimwona. Jumapili ile jicho lilikuwa bado na pa kuonea, na nilimwona mama yangu. Nikatazama kovu tu. Kovu! Pua je? Macho je? Leo nakaza akili yote, napata kitambaa cheupe kichwani na ukingo wa kikapu. Kesho yake nikakasirika nikaifunga simu, siku kumi na sita, na jicho likaendelea na kazi yake. Mjinga mimi. Mjinga, mjinga, mjinga.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Niko kwa Mama mkubwa. Nimekuja asubuhi kwa fimbo, napapasa kingo za mfereji. Alipoiona simu akaanza, si nilikukataza? Nikamwambia, Mama mkubwa, nakuomba, simu usiitazame. Tazama kioo cha kabati.

Nikasimama kando, nikaielekeza simu kwenye kioo.

Akakisogelea. Halafu akasema, "Margareta." Si kwangu. Alikuwa anamwita.

Nikamwambia nieleze, Mama mkubwa. Pua yake ikoje? Paji la uso? Ngoja, akasema. Rudia. Nikarudia. Rudia tena. Mikono ikafa ganzi, akaninyang'anya simu, mzee asiyewahi kushika simu ya kugusa! Keshajua pa kubonyeza.

Nimemwuliza mara ya pili. Akasema, "Anacheka." Basi. Anacheka vipi? Meno yanaonekana? Akabonyeza tena.

Sasa niko sebuleni kwake, daftari gotini. Mlango uko wazi. Kwa pembeni naona mgongo wake mbele ya kioo na mkono ulioshika simu. Anaongea Kichagga, taratibu. Anamwomba msamaha wa yale makaa. Kila baada ya sekunde kumi na moja anabonyeza na kuanza upya.

Simu imeshalia mara mbili, chaji inaisha. Umeme hakuna tangu jana.

Nimemwita. Nimesema Mama mkubwa, na mimi nipo, niambie macho tu, macho yake yakoje. Amenyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, ninyamaze.