Waliowazika Waajemi

Sironga, Nyamira

Dada Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, mvua inanyesha kila alasiri.

Leo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi vita vya Marathoni, jinsi Wayunani walivyowashinda Waajemi waliotoka ng'ambo, kisha wakawazika mashujaa wao chini ya tuta kubwa la udongo. Mama Kemunto, anayetupikia ndizi hapa shuleni, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mwanawe aliuawa vitani Burma, akipigana na Wajapani, na mwili haukurudi.

"Mwalimu," akauliza, "na hao Waajemi, nani aliwazika? Mama zao si walikuwa mbali?"

Darasa zima likanigeukia. Nikamjibu kwamba Wayunani walisema waliwazika wao wenyewe, kwani waliona ni dhambi kuacha maiti juu ya ardhi, hata ya adui.

Akajifuta mikono kwa leso.

"Basi labda hata Mjapani alimfukia mtoto wangu," akasema, akarudi jikoni.

Nilishindwa kuendelea na somo. Mkumbatie mama, dada yangu, umwambie mimi ni mzima.

Ndugu yako akupendaye,
Mwakio