Mbao za Upande wa Mashariki

Ardooie, Jumanne, 3 Machi

Kaka yangu Roeland,

Pokea salamu nyingi kutoka jikoni kwako, ninakoandikia barua hii nikiwa nimevaa lile koti lako la bandani. Natumaini nyonga inazidi kuunga, na kwamba yule muuguzi unayemwita Jenerali bado anakutembeza ukumbini kila asubuhi hata ukimtukana. Mimi mwili wangu mzima. Usingizi ndio sina, na utajua sababu kabla barua haijaisha.

Baridi ya mwaka huu haikuwa na adabu. Maji ya chiriku yaliganda kabla sijamaliza kikombe cha kahawa, kwa hiyo niliwapelekea ya uvuguvugu mara tatu kwa siku, kama ulivyoandika kwa penseli kwenye karatasi yako. Mbegu zenye mafuta nimeziongeza, na vinyesi nimevitazama kama daktari. Nikimwona mmoja amejivimbisha manyoya mchana kweupe, siondoki mpaka nimwone anakula. Kila asubuhi nawahesabu kwa kidole, hata kabla sijapiga mswaki.

Wenzako wa chama cha kushindanisha chiriku kwa kuimba walinipitia Jumapili ya kwanza tu. Achiel, jirani yako na mwenyekiti wao, alisimama langoni akaniuliza nimekuja kuwalisha ndege au kuwahutubia. Mkewe, Alma, akamwambia aniache, angalau ndege hawawezi kunijibu magazetini. Nikawaambia kwamba mtu anayemtundika ndege kando ya barabara ndani ya kisanduku kama mkate, halafu akahesabu milio yake kwa chaki juu ya fimbo, hana haki ya kumtania mtu yeyote. Achiel alicheka mpaka akakohoa. "Godelieve wee," akasema, "ukiufungua huo mlango wa banda, mimi nahama kijiji kabla Roeland hajarudi!"

Unajua sijabadilika. Miaka ishirini nimeandika kwamba mchezo wenu ni gereza lenye kombe la ushindi, na nitaendelea kuandika. Lakini Oktoba ile, ukiwa umelazwa kwenye machela, ulinipa ufunguo ukasema ni heri uwaache kwa mtu anayewapigania ndege kuliko kwa watu wanaotaka kushinda nao. Maneno hayo niliyavaa kama nishani. Niliyavaa vibaya.

Karatasi yako ilisema mbao zinazofunika wavu wa banda upande wa mashariki zisiguswe mpaka Machi. Hukuandika kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani najua: ninyi mmezoea kuwafungia ndege gizani kwa sababu giza linawafaa wenye ndege. Ilipofika tarehe 27 Januari jua likatoka, la kwanza baada ya siku kumi na moja. Theluji iling'aa uani, na mle bandani kulikuwa na utusitusi kama ghala la viazi. Nikachukua bisibisi, nikaziondoa mbao zote nne.

Walisogea kwenye mwanga wote kumi. Kastaar, yule dume wako mwenye utosi wa buluu, alitangulia. Alitandaza bawa moja, kisha la pili, akafumba macho, na mimi nikalia. Nikaingia ndani nikaketi hapa mezani kuandika makala ya gazeti, kueleza jinsi mwanamke mmoja mwenye bisibisi alivyorudisha kwa nusu saa kile ambacho wanaume wa huku kwetu Flandria wamekiiba kwa miaka mia. Nilikuwa nimebakiza sentensi ya mwisho niliposikia kishindo uani, kisha kingine.

Kipanga alikuwa ameng'ang'ania wavu upande wa mashariki, palepale nilipotoa mbao, akipigapiga mabawa. Hakumgusa hata mmoja, wavu ulimzuia. Lakini walimwona, Roeland, na walimwona kwa sababu yangu. Walijirusha ovyo kwenye waya za upande wa pili. Nilipomfukuza kwa ufagio, tisa walikuwa wamejibana pembeni wakitweta. Kastaar alikuwa chini, shingo imevunjika, bado wa moto. Mbao nilizirudisha zote nne, skrubu moja moja. Makala niliitia jikoni motoni.

Ndiyo hiyo habari. Ndege wako wa miaka saba amekufa, na aliyemuua ni mimi, kwa kujiona ninajua.

Lakini hayo si yote. Tangu siku ile nimekutumia kadi tatu, na kwenye zote niliandika kwamba kumi wote wazima na Kastaar anakula vizuri. Achiel alipojua hakunicheka, na laiti angenicheka. Aliniletea dume wake mmoja mwenye utosi wa buluu vilevile, akaninong'oneza kwamba macho yako yamefifia, kwamba ndege huyo hataimba sawasawa mpaka Aprili, na kwamba hapo, ukisikia wimbo si wa Kastaar, tutasingizia baridi, tuseme imemharibu koo. Nami, niliyewaita watu hao wadanganyifu mbele ya padre, nilimpokea. Siku kumi na moja alikaa bandani mahali pa Kastaar, na kila nilipopita niligeuza uso.

Jana ilifika kadi yako. Unasema umewatangazia wagonjwa wote huko kwamba dada yako, adui mkubwa wa chama, amevusha majira mazima ya baridi bila kupoteza hata mmoja, na kwamba Jenerali amechoka kusikia jina langu. Niliisoma nimesimama. Kisha nikambeba yule ndege nikamrudishia Achiel. Alma alifungua mlango, akamtazama ndege, akanitazama mimi, akasema tu kwamba kahawa ipo.

Kastaar nimemzika chini ya mti wa tufaha, pete yake mguuni. Wale tisa ni wazima, na safari hii ni kweli. Usiniamini mimi, muulize Achiel.

Niwie radhi, kaka. Sina hoja ya kujitetea, na unajua hilo halijawahi kunitokea.

Wasalimie wenzako wodini, na umwambie Jenerali asikubembeleze. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa nje ya lango la hospitali na gari, kama tulivyopanga. Kama hutaki kupanda gari moja na mimi, usinitafutie maneno: mwambie muuguzi ampigie Achiel, naye atakuja. Ufunguo wa banda nimemwachia yeye.

Ni mimi dada yako,
Godelieve