Bronwyn na Umeme Usio na Mkataba

Kerrie, acha kila kitu usome hii. Bronwyn kamwacha Darryl!

Wiki hii alichagua umeme usio na mkataba, ule wa kuhama siku yoyote bila faini wala kuulizwa. Leo asubuhi Darryl kaiona barua ya kampuni ya umeme. "Umeme wa mkataba wa miaka miwili ni nafuu zaidi. Kwa nini huu? Unakwenda wapi?"

UNAKWENDA WAPI, shoga! Alishajua anaachwa.

Akampiga birika la kichwa. Birika! Damu mpaka ukutani. Bronwyn akaokota gongo la kriketi, akamvunja goti.

Sasa yuko kwangu, kashonwa nyuzi tisa. Kabla hata ya polisi kawapigia watu wa umeme, maana akaunti ni ya jina lake: "Kateni leo leo, hita na kila kitu." Na Darryl kabaki mle ndani na baridi hii ya Ballarat!

Wakamuuliza sababu.

"Si mlisema naondoka bila kuulizwa?"