Mwanao Ameniondoa Golini

Mgosi Sefu,

Mwanao ameniondoa golini. Nakuanzia hapo hapo, kwa sababu sijui salamu zinafikaje huko uliko, na kwa sababu najua ungecheka mpaka ushike ubavu. Mimi Hamza, kipa wako tangu enzi za magoli ya matofali, nimeambiwa na binti niliyemshonea sare ya shule kwamba magoti yangu yamekwisha. Na amesema kweli, ndicho kinachoniuma.

Ni Jumatatu asubuhi hapa Mayfair, mtaa wetu wa ugenini. Cherehani iko kimya, mlango wa duka nimeuegesha tu, nje Wasomali wanashusha marobota ya vitambaa. Tangu tukuzike sijakaa nikazungumza nawe sawasawa. Kaburini naenda, nasoma nilichojaliwa, nang'oa magugu, narudi. Lakini mazungumzo yetu hayakuwahi kuwa ya makaburini. Yalikuwa ya hapa, wewe umekalia lile gunia la vipande vya nguo, mimi nashona, tunagombana nani acheze winga ya kushoto. Gunia bado lipo. Wateja wakitaka kulikalia nawaambia lina pini.

Nikupe habari za timu, maana ndizo unazotaka. Uliiacha mahututi, tusidanganyane. Nusu ya vijana walishahamia Diepsloot kufungua spaza, hivi viduka vya mitaani, na mtu mwenye spaza Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo. Tulikuwa tunaingia uwanjani pungufu, tunafungwa, tunarudi kila mtu na njia yake. Na sheria ya ligi yetu hii ya wageni unaijua: atakayemaliza mkiani anatoka, na uwanja wake wa Jumapili wanapewa wengine. Wamalawi wana timu, Wakongo wana timu, wote wanautazama uwanja wetu wa Troyeville kama paka anavyotazama samaki wa jirani.

Watu wa nje wanadhani ni mpira tu. Wewe ulijua. Pale ndipo mgeni kutoka Tanga au Unguja anapopata kazi, anapopata chumba, anapopewa habari ya msiba wa nyumbani akiwa na watu wa kumshika. Hata jeneza lako, mgosi, waliotangulia kulibeba ni mabeki wako. Ndiyo maana pale hospitali, sauti imeshakwenda, ulinivuta kola ukaniambia, "Hamza, Jumapili isife." Hukusema timu. Ulisema Jumapili.

Nikakuitikia. Nilikuwa sijui ninachoitikia.

Siku ya hitma ya arobaini tuligawa nguo zako kama desturi. Koti la baridi alichukua Shomari, beki wako wa kushoto, na amelivaa mpaka joto limekuja hataki kulivua. Viatu vilirudi kabatini, hakuna aliyeviweza, wewe ulikuwa na miguu ya mtoto. Ikabaki filimbi. Mkeo, Mama Thandi, akaiweka katikati ya mkeka. Ghafla kila mwanaume akawa na la kutazama dirishani. Shomari akasema spaza yake haina wa kuiachia. Mimi nikasema kipa hawezi kuwa kocha, huwa anaona mgongo wa kila mtu. Maneno tu hayo. Ukweli niliogopa. Atakayeichukua filimbi ile ndiye angesimamia maziko ya pili, ya timu.

Mwanao Thandi alikuwa anapitisha chai. Akaweka sinia chini, akaokota filimbi, akaivaa shingoni. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba, sharp, yaani sawa tu, atafundisha yeye. Wazee wote wakakohoa kwa pamoja.

Nami nilikohoa, sikufichi. Msichana! Na si kwamba hajui mpira, anafundisha michezo shuleni, anajua mazoezi ambayo wewe na mimi hatujawahi kuyasikia. Kilichonitia shaka ni mdomo wake. Atawaambiaje vijana wa Kariakoo na Pangani, mtoto asiyetamka neno la Kiswahili? Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote, mama yake aliporudi kwao kutoka ukimbizini Morogoro nanyi mkaja naye, mtoto alikuwa anakitema Kiswahili kama maji. Akaenda shule, watoto wakamcheka, wakamwita kwerekwere, tusi lao kwa wageni. Akarudi nyumbani akakifungia ndani. Kila kitu anasikia, ila anajibu kwa Kizulu au Kiingereza. Nilikuwa nakwambia umlazimishe. Wewe ukasema, "Kimelala, Hamza, hakijafa. Mtu aliyelala haamshwi kwa bakora." Tukabishana mpaka nikajichoma sindano.

Basi siku ya kwanza ya mazoezi kaniita pembeni. "Malume," akasema, maana mimi kwake ni malume, mjomba wa Kizulu, hata kama ni rafiki wa baba. Akanigusa goti kwa kidole, likalia. Akasema haya magoti yamekwisha. Golini akamweka kijana Mkongo anayeitwa Trezo, mrefu kama nguzo ya umeme.

Nikanuna, mgosi. Nikanuna kwelikweli, Jumapili zikapita nimelala nyumbani natazama dari. Aliyenitoa ni mkeo. Alikuja dukani na bakuli la pilau, lile alilojifunza kwa mama zetu wa Morogoro na sasa analipika vizuri kuliko wao, akalitua mezani juu ya kitambaa cha mteja. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kule, "Hamza, wewe mwali? Unasubiri utolewe nje na ngoma?" Nikala, nikaona haya, nikaenda. Thandi akanipa kazi ya kusimama nyuma ya goli nimwelekeze Trezo. Nikaanza kumpigia kelele hata mpira ukiwa upande wa pili. Akageuka akaniambia, "Papa, usiwaze, mupira nitashika miye." Na anaushika, mwanaharamu yule. Anaushika vizuri kuliko nilivyowahi kuushika mimi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimekaa hapa hasa kwa ajili yake. Usininunie. Nimeitoa siri ya tundu.

Thandi aliona kitu alichokiona utotoni bila kukiuliza: timu ya baba yake haiingii uwanjani kwa geti. Inazunguka nyuma kwenye mjakaranda, inapenya kwenye tundu la seng'enge, mmoja mmoja, kinyumenyume. Akauliza kwa nini tunaingia kama wezi na geti liko wazi. Vijana wakatazamana. Shomari akamweleza kwa heshima kwamba hiyo ni kazi ya kamati ya ufundi, dawa za timu, mambo ya baba yake, na mambo hayo hayaulizwi. Thandi akasema kuanzia leo geti. Wakapita, kwa kuogopa filimbi yako. Basi niliona watu wanacheza kama wamefungwa kamba miguuni. Trezo mwenyewe, ambaye hata si wa kwetu, alikuwa anatazama lile tundu kila mara, kama vile mpira ungetokea huko. Tukafungwa vibaya. Tukawa mkiani kabisa, na mechi iliyobaki ni moja.

Tukirudi, tumesimama kwenye roboti, taa za barabarani za huku, tunasubiri kuvuka, akaniuliza, "Malume, baba alizika nini pale?"

Ningemjibu nini? Wachezaji wa mwanzo walishatawanyika, tulibaki wawili tu tunaojua, na mmoja umekwenda. Nikamwambia pale pale, magari yanapita. Kwamba hakuna kilichozikwa. Kwamba mwaka wa kwanza hatukuwa na kibali, mtunza uwanja alitufungia geti kwa kufuli, tukatafuta tundu. Kwamba tuliingia kinyumenyume kwa sababu waya ulikuwa unachuna nyuso, ni heri ukuchune mgongo. Na kwamba wale tuliokuwa tunacheza nao siku ile walituona tunatoka kichakani matako mbele, wakatetemeka, tukawafunga. Vijana waliojiunga baadaye wakakuta desturi, wakaipa maelezo yao. Nilitaka kuwaeleza, wewe ukacheka ukasema, "Waache. Mtu anapata nguvu pale alipoiweka." Nikakuachia, kwa sababu tulikuwa tunashinda.

Thandi hakucheka. Taa zilibadilika mara kadhaa, watu wanatupita. Kisha akasema eish, akanishika mkono tukavuka.

Akaniomba niwaeleze na vijana. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Nilisimama mbele yao nikahisi nakuvua kanzu hadharani. Wengine walisema nadanganya. Mmoja akasema labda na wewe ulinificha mimi, wazo ambalo, mgosi, limeninyima raha kidogo. Shomari akajikunyata ndani ya koti lako, akasema, "Kwa hiyo zile mechi zote tulishinda wenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akarudia, polepole, "Wenyewe." Akaondoka kwenda kukimbia, peke yake, uwanja mzima.

Jana ndiyo ilikuwa mechi yenyewe, na Wamalawi. Sare ingetutosha, maana tuliolingana nao pointi walishamaliza mechi zao; tukifungwa tumekwisha. Thandi aliwakusanya akawaambia leo kila mtu apite anapotaka. Vijana wakaenda getini. Wengine midomo ilikuwa inacheza, nadhani Ayatul Kursi, na hilo halina ubaya. Shomari alipita getini kinyumenyume, kujiwekea akiba.

Mimi nikazunguka kwenye mjakaranda. Sichezi, sina faida wala hasara, lakini siku kama ile singeweza kupita mahali ambapo hatukuwahi kupita pamoja. Nikageuka, nikaingiza mgongo, na tumbo, ambalo siku zile halikuwepo, likagoma. Waya ukalishika shati langu pande zote mbili. Nikawa nimening'inia pale, fundi mzima, nusu Troyeville nusu uwanjani. Nikasikia mikono inanitoa waya mmoja mmoja, taratibu, bila kuchana uzi. Nilipotoka nikamwona Thandi. Alizunguka mpaka upande wa nje, akageuka, akapenya palepale nyuma yangu, kinyumenyume, filimbi mdomoni isinase.

Mechi yenyewe sitakupamba. Ilikuwa mbaya, mpira wa hofu, hakuna bao upande wowote. Trezo aliokoa moja ambayo nilishafumba macho. Karibu na mwisho vijana wetu wakapata wazimu wa ghafla, wakaona watafute ushindi, wakapanda wote mbele, beki na kiungo, nyuma pakawa jangwa. Wamalawi wakaunasa mpira. Thandi alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza, anapiga kelele kwa Kizulu, hakuna aliyegeuka. Filimbi ya kwake si ya mwamuzi, asingeweza kuipuliza.

Halafu nikakusikia.

"Rudini nyuma nyie! Mmelogwa?"

Ile ile, mgosi. Na ule mkwaruzo mwishoni. Wote waligeuka kwa pamoja kama waliovutwa, wakarudi mbio, Shomari akateleza na kuutoa mpira nje kwa ncha ya kidole cha mguu. Mimi sikuliona hilo, nilisimuliwa. Mimi niligeuka kukutafuta. Nilitazama kwenye benchi, nikatazama kwenye tundu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza hata kutabasamu. Nikamwona mwanao amesimama kwenye mstari, mkono umeziba mdomo, macho yamemtoka, kama mtu aliyeangusha sahani ya mgeni.

Nililia, Sefu. Nililia nyuma ya goli mbele ya Wamalawi, na sijali.

Sare. Tumebaki. Jumapili haijafa.

Baadaye, wakati wa kukusanya jezi, vijana walikuwa wanamtania, wanamwambia kocha sema tena, sema tena. Alikuwa anakataa kwa kichwa anacheka. Alipofika kwangu akanipa mfuko wa jezi zilizochanika akasema, kidogokidogo, kama anayekanyaga barafu, "Hizi ushone, Baba Mdogo." Miaka yote hiyo nilikuwa malume. Nimezishona zote asubuhi hii kabla ya kukuandikia, na mbili hazikuwa zimechanika.

Sijui msimu ujao utakuwaje. Usidhani tumekuwa wazuri, bado hatujui kupiga kona. Lakini watu wa Diepsloot wamesikia, wanaulizana nani atawashikia spaza, na jana niliona wazee waliokohoa siku ya hitma wakimwita Thandi pembeni kumpa ushauri asioutaka. Ndiyo dalili ya uhai kwa timu ya Waswahili.

Mtunza uwanja mpya ananiambia seng'enge itatengenezwa, watu wanalalamika. Nimemwambia sawa. Nawe nakuahidi jambo moja, na unajua kwangu lina uzito gani. Ule mkasi wangu mkubwa wa kukatia nguo, ambao hujawahi kuruhusiwa hata kukatia karatasi, wakiliziba tundu nitakwenda nao nikate waya mpaka makali yaishe. Sisi wengine tutapita getini. Lile tundu nimekuachia wewe.

Lala salama, mgosi wangu. Ukija Jumapili, njoo mapema, tunaanza mazoezi ya kona.

Hamza