Watano wa Kibos

Kisumu, 14 Februari 1999

Kwako ndugu yangu Mohinder Singh,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Placida. Sisi wazima, ila mgongo unanilalamikia kila nikishinda kwenye dirisha la posta. Natumai wewe, shemeji Balwinder na binti yenu hamjambo, na baridi ya London haijawamaliza.

Singh, keti kwanza. Vijana wetu watano wa Kibos wamechukuliwa wote! Klabu ya Mawingu ya Nairobi ilituma mtu kumtazama Ochola golini, akarudi na majina matano: Ochola, mapacha Opiyo na Odongo, Wandera na Kasim. Wote kikosi cha kwanza, siku moja. Yule mtu aliniambia, "Mwalimu, hawa wanapeana mpira bila hata kutazamana. Nikimchukua mmoja nimewaharibu wote." Nililia mbele ya watu, na Placida ananicheka mpaka leo. Miaka yote ile ya kuwafundisha mpira wa magongo kwenye kiwanja cha changarawe, kumbe haikwenda bure.

Nimekutilia kipande cha gazeti. Picha usiiangalie sana, nimetoka kama mtu aliyenyimwa chakula.

Ndugu yako,
Naftali

Kenton, London, 21 Machi 1999

Bwana Naftali, ndugu yangu,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Goti langu ndilo bado, na kubeba maboksi ya misumari dukani kwa Bhavesh hakulisaidii. Binti yetu anakusalimu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu.

Nimefurahi. Naandika hivyo mapema ili usije ukasema sikuandika. Gazeti nimelisoma mara nne. "Vijana wa Mwalimu Naftali." Mara nne nikimtafuta Singh mmoja tu, hata awe wa kuokota mipira, sikumwona. Nani alikata magongo ya watu wazima kwa msumeno na kuyafunga tyubu za baiskeli, ili watoto wa miaka tisa waweze kuyashika? Nani aliwafunga vitambaa machoni wakacheza na mpira wa tenisi huku wakiitana majina, mpaka kila mmoja akajua mwenzake yuko wapi? Huko kupeana mpira bila kutazamana, unakosifiwa wewe, ni kwangu. Wewe ulikuwa unaleta machungwa!

Natania. Kidogo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nami niliondoka mwenyewe mwaka 1992, hakuna aliyenifukuza. Lakini inaniuma, Naftali. Nikiwa napimia watu waya dukani, najikuta nawaza kwamba hawa wateja hawajui mimi ni nani.

Wasalimie vijana.

Ndugu yako,
Mohinder

Kisumu, 6 Desemba 1999

Ndugu yangu Mohinder,

Hujambo wewe na nyumba yako yote? Sisi tunamshukuru Mungu, mvua imetosha.

Mawingu wametwaa ligi! Mabao arobaini na moja, na thelathini na matatu ni ya watoto wetu. Ochola amefungwa sita tu mwaka mzima. Kuhusu gazeti, naapa nilimtajia mwandishi jina lako, nikamsomea herufi moja moja. Wakubwa wake walilikata. Safari hii nimemtajia tena, na wamelikata tena. Nifanye nini, nikachape gazeti langu mwenyewe?

Siku ya kombe niliketishwa mstari wa mbele karibu na mwenyekiti, nikavishwa shada la maua mpaka masikioni. Ulipaswa kuwa pale. Ungecheka.

Nijibu basi, hata kwa matusi.

Ndugu yako,
Naftali

Kisumu, 2 Aprili 2001

Ndugu yangu Mohinder,

Habari za siku nyingi? Miaka miwili sasa sijapata hata mstari mmoja. Nimekutumia kadi mbili. Kama kuna ugonjwa, niambie. Kama ni mimi niliyekosa, niambie pia. Huku sisi wazima, na Placida amestaafu ualimu sasa ananifundisha mimi.

Nina habari ambayo haitaki kusubiri. Mawingu wanakuja London katikati ya Juni kwa mashindano. Watano wote wamo. Wamemwambia mwenyekiti kwamba hawapandi ndege bila mwalimu wao, naye amekubali kunilipia tiketi. Mimi, Singh, ndani ya ndege! Placida ameshanishonea koti.

Shida ni moja. Wachezaji wamealikwa na wenyeji wao huko, lakini mimi si ofisa wa klabu. Ubalozi unataka barua ya mwaliko kutoka kwa mtu anayeishi huko, iseme nitalala kwake. Mwisho ni tarehe 25 Mei. Sina mwingine London ila wewe. Ukurasa mmoja tu wa mkono wako unatosha. Nataka tukae pamoja tuwatazame, wewe ukisema hiki ni changu nami nikikubishia.

Ndugu yako,
Naftali

Kenton, 3 Mei 2001

Bwana Naftali,

Natumai wewe na shemeji Placida mko salama. Sisi tuko salama.

Samahani kwa kimya, kazi zimenizidi. Barua ya mwaliko ni hii hapa, nimetia sahihi. Posta ya huku siku hizi haitabiriki, lakini nadhani itawahi.

Ndugu yako,
Mohinder

Kisumu, 12 Juni 2001
Kwa mkono wa Ochola

Mohinder,

Salamu. Sisi wazima.

Mwaliko wako umefika tarehe 8 Juni. Nilikuwa nimekwenda ubalozini mara mbili, na mara zote mbili mama wa dirishani aliniuliza, "Barua iko wapi?" Tarehe 25 ilipita. Nafasi yangu amepewa mtunza vifaa.

Miaka ishirini na miwili nimegonga mihuri posta. Barua ikinifika mkononi naangalia muhuri kabla ya jina, ni mazoea tu. Ndani umeandika tarehe 3 Mei. Muhuri wa London nje ya bahasha ni wa tarehe 29 Mei. Barua haikuchelewa njiani, Mohinder. Ilikuwa kwako siku ishirini na sita.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Ungesema tu "usije", ningeumia nikapona.

Vijana waliniuliza. Nimewaambia barua ilipotelea posta. Mimi, mtu wa posta, nimeisingizia posta kwa ajili yako, kwa sababu tangu ulipoondoka nimewafundisha kukuita mwalimu wa kwanza, na sikutaka wakukute ukiwa kitu kingine. Wapokee vizuri.

Naftali

Kenton, 1 Julai 2001

Ndugu yangu Naftali,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza afya yako. Nakuuliza hata hivyo. Na ya Placida.

Muhuri umesema kweli. Bahasha ilikaa kwenye droo chini ya vitambaa vyangu vya kilemba. Balwinder aliiona, akasema, "Mpelekee mtu barua yake." Nikasema kesho. Kila siku niliwaza kwamba ukija, watakukimbilia wewe, na mimi nitakuwa yule Mhindi mwenye nyumba unamolala. Nilipoituma nilijua imechelewa. Nilikuonea wivu, Naftali. Sina neno jingine la kuupaka rangi.

Barua yako alinipa Ochola uwanja wa ndege. Niliisoma chooni.

Fainali ilichezwa karibu na Stratford, kwenye nyasi za bandia. Walishinda matatu kwa moja. Bao la pili Odongo alipiga mpira nyuma bila kugeuka, na Opiyo alikuwa pale pale. Kisha mwenyekiti akaniita mbele, akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye mwalimu wa kwanza wa hawa watano. Watu wote wakasimama. Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama dakika moja hivi. Halafu Wandera akashika kipaza sauti akasema wanampa pole Mwalimu Naftali, aliyeangushwa na posta.

Nikakichukua kile kipaza sauti. Nikasema kwa Kiswahili, "Posta haina kosa. Barua niliificha mimi, kwa sababu nilitaka muwe wangu peke yangu." Wenyeji hawakuelewa neno. Walidhani nashukuru, wakapiga makofi kwa nguvu zaidi. Watano wetu walisimama mikono chini.

Hawakunitukana, umewalea vizuri. Chakula alichopika Balwinder hawakuja kukila. Kwenye basi Ochola peke yake ndiye aliyenipa mkono. Aliniambia, "Kwaheri, Bwana Singh." Tangu akiwa na miaka tisa hajawahi kuniita hivyo.

Nimekuandikia upesi, na safari hii nimeituma siku hiyo hiyo, angalia muhuri. Sasa ni wako wote watano, Naftali, na mimi sina cha kubisha.

Ndugu yako, kama bado wanikubali,
Mohinder